Kibanzi cha Kwanza

"Mkono huu haujakosea mti hata siku moja," Bi Tezo alipenda kujitapa mbele ya wateja, kisha kunyoosha kidole gumba kisicho na ukucha. "Unakosea vidole tu."

Kuhusu miti alikuwa na sharti moja, na mumewe alilishikilia kama dini: kabla ya kuchonga chombo cha kulia, tafuna kibanzi cha kwanza. Mti mpole hukaa mdomoni kama karatasi. Mti mkali, ule wa nguzo ambao hata mchwa wanaukimbia, huchoma ulimi na kufunga koo. Ikishabanduliwa maganda na kukauka, hiyo miwili hufanana kama pacha.

Siku ya kuchonga bakuli la mjukuu, gogo la kila mti lilikuwa uani, na jino lilikuwa linamtwanga Bi Tezo.

"Umetafuna, mama watoto?" mumewe akauliza.

"Nimetafuna," akajibu, na tezo ikaendelea kula mti.

Bakuli likatoka linang'aa, binti yao akaja kulichukua kwa vigelegele. Vibanzi viliishia jikoni. Moshi wake uliwatoa machozi wote wawili, wakaulaumu upepo.

Leo asubuhi mumewe alitaka nguzo ya lango. "Gogo lile la ukutani, la mti mkali," alisema. Bi Tezo akalichongoa kidogo, na kwa kuwa jino lilishang'olewa, mdomo ukafuata mazoea. Akatafuna. Akangoja ulimi uwake.

Haukuwaka. Mdomoni palikuwa kama karatasi.

Akakitema kibanzi, akainuka. Kama mti mpole ungali hapa, mtoto analishwa kwenye nini?

"Unakwenda wapi?" mumewe akauliza.

"Kusalimia."

"Na tezo mkononi?"

Alishaondoka. Njia ya kwa bintiye alizoea kuitembea polepole, akichungulia nyua za watu apate la kusimulia. Leo hakuona hata mlango. Alikuwa anatega sikio tu, akiomba asikie kilio, maana mtoto anayelia koo lake li wazi.

Alipofika, nyumba ilikuwa kimya.

Chumbani hapakuwa na mtu. Bakuli lilikuwa mezani, uji umejaa, na utando wa juu haujaguswa. Mbao hushika joto; uji ulikuwa haujapoa bado. Bi Tezo akaumwaga wote dirishani kwa haraka hadi akajiunguza.

Halafu likamjia tumaini dogo. Labda mzee aliyahamisha magogo. Labda hofu ni yake tu. Akauma ukingo wa bakuli, akangoja.

Moto ulianzia nchani mwa ulimi, ukatambaa kuelekea kooni. Nyuma yake ikaja ganzi.

"Mama?" Binti alikuwa mlangoni, mtoto amemlalia begani. "Umemwaga uji wake?"

"Ufa," akasema Bi Tezo, kwa kifupi. "Lina ufa."

Binti akaliinua bakuli kwenye mwanga, akalizungusha. Ufa hakuuona. Aliona alama za meno, mbichi kabisa, zenye pengo katikati. Akaliweka chini taratibu, akamhamishia mtoto bega la pili, mbali na meza.

"Mama, hebu nitazame. Kibanzi cha kwanza ulitafuna?"

"Nilithafuna, mwanangu," akasema Bi Tezo, mate yakimchuruzika kidevuni. "Thangu thiku ile ile."