Kiti cha Nyuma cha Thunderbird

Cleotis Battle alinunua gari jipya aina ya Thunderbird mwaka sabini na tano, rangi ya damu ya mzee, na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeshika usukani wake. Hata mkewe Earline, aliyekuwa dereva wa basi la shule jijini kwao Detroit, Marekani, aliambiwa, "Hili si basi, mke wangu."

Gari lilikuwa refu hata mlango wa gereji haukufungika. Lakini milango yake ilikuwa miwili tu, mizito, na aliyetaka kukaa nyuma ilibidi kiti cha mbele kikunjwe ajipenyeze. Mama yake Cleotis, Bi Odessa, alikuwa na nyonga mbovu. Basi kila Jumapili wakienda kanisani yeye alikaa mbele, Earline akajibanza nyuma.

Jumapili moja ya Februari, majirani wakitazama, kofia ya Earline ilinasa mlangoni ikachanika ukingo. Alitoka, akaigeuzageuza kofia, kisha akanyoosha mkono.

"Funguo."

"Earline, barabara inateleza leo."

"Kwani Jumatatu mpaka Ijumaa haitelezi?"

Bi Odessa alicheka. "Mpe, mwanangu. Mimi nasikia baridi hapa."

Cleotis alitoa funguo kama mtu anayeng'olewa jino. Akaingia nyuma, pande la mtu, magoti yakakaribia kidevu. Mwanzoni alikuwa akikanyaga breki isiyokuwepo.

"Polepole kwenye kona! Pua yake ndefu hiyo!"

"Abiria hapigi kelele nyuma ya dereva," alijibu Earline, kwa sauti ileile aliyowatulizia watoto wa watu.

Gari likateleza taratibu kama linaelea, redio ikiimba injili chinichini. Earline alishangaa jinsi usukani ulivyokuwa mwepesi, kidole kimoja kilitosha. Akajikuta anatabasamu.

Walipokaribia kanisa, Bi Odessa aligeuka. Cleotis amelala, mdomo wazi.

"Usisimame," mama alinong'ona. "Tangu wampeleke zamu ya usiku kiwandani sijamwona akilala hivi."

Earline akalipita kanisa, akashika njia ya mtoni, taratibu. Waliingia ibadani wakati mchungaji ameshaanza kutoa jasho kwa mahubiri.

Jumapili iliyofuata hakuna aliyeuliza kitu. Cleotis alimkalisha mama yake, kisha akazunguka upande wa dereva, akakunja kiti, akaingia nyuma na mto wake kwapani.