Mfuko Uliosahaulika Zahanati

Mpelelezi alifika saa sita mchana, akauweka mfuko juu ya meza ya cherehani kama mteja aliyeleta suruali ya kupunguzwa.

"Fundi, hii kazi ya nani?"

Swali gani hilo! Kitambaa cha bluu, mabaki ya sare za shule, pindo limekunjwa mara tatu. Mtaa mzima hakuna mwingine anayejisumbua kukunja mara tatu. Mifuko hiyo Fundi alishona mitatu tu: wake, wa mama yao, na wa mdogo wake, ambaye kila mtu humwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho.

"Umeupata wapi?"

"Zahanati, stoo ya dawa. Vidonge vya maumivu, vile vikali, wamekomba kabati zima. Kufuli halikuvunjwa, limefunguliwa kwa ufunguo. Huu ulinasa kwenye msumari wa mlango, mwizi akauacha."

Fundi aliketi. Alikuwa amechoka, jamani, na uchovu wenyewe haukuwa wa kazi. Miaka minane Kitinda alikuwa mtumwa wa unga wa kulevya, na miaka minane nyumba yao ilikuwa inahama kidogo kidogo kupitia mlangoni. Redio iliondoka. Pasi ikafuata, kisha cherehani ya kwanza ya Fundi. Siku moja Kitinda aliuza sufuria likiwa bado la moto, akasahau mfuniko, akarudi kuuchukua bila haya. Siku hiyo walicheka mpaka wakalia, halafu wakalia kweli.

Sasa Kitinda alikuwa na siku arobaini na tatu bila unga. Kila asubuhi alipanga foleni kwenye kituo cha tiba, akanywa dawa yake mbele ya muuguzi, kisha akaja kufagia nyuzi hapo dukani. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wiki iliyopita tu vidonge vya Mama vya mwezi mzima, vya nyonga aliyoivunja mwaka jana, viliisha siku ya kumi. Fundi alimtukana Kitinda mbele ya majirani mpaka sauti ikamkauka, na Kitinda akainama kufagia nyuzi.

Kwa hiyo Fundi alijua mwizi ni nani. Angalau huko jela hatakufa mtaroni, aliwaza.

"Ni wa mdogo wangu," alisema.

Alihisi nafuu kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani, na nafuu hiyo ikamtia aibu. Mpelelezi alikuwa bado anaandika Kitinda alipoingia na chakula cha mchana.

"Dada, Mama amesema ule kabla hakijapoa."

Alikibeba kwenye mfuko wa bluu.

Fundi aliutazama mfuko ule. Akageuka, akautazama wake ukiwa umening'inia ukutani. Mmoja, miwili. Ndipo alipovaa miwani na kuuvuta ule wa mezani. Mpini ulikuwa umekatika zamani, ukashonwa tena kwa mkono kwa uzi mweusi, na mishono yote ilikuwa imelalia upande usio wake. Masikini weee! Hivyo hushona mtu wa mkono wa kushoto. Katika familia ile mtu huyo ni mmoja, naye ndiye aliyemfundisha Fundi kushika sindano, jioni akirudi kutoka kufagia zahanati. Miaka ishirini alifagia pale, na funguo zote zilipita mkononi mwake. Fundi aliona pindo lake mwenyewe na hakuangalia zaidi. Fundi mzima!

"Binti, mfuko huu ni wako?" mpelelezi aliuliza.

Kitinda aliuona uzi mweusi. Taratibu akautundika ule wa chakula juu ya ule wa ukutani, kana kwamba yote miwili ni ya Fundi.

"Ni wangu."

"Kitinda!"

"Dada, nyamaza." Alimsogelea sikioni. "Mimi wameshazoea kuniita mwizi. Mama hataliweza hilo jina. Wewe mpeleke kule ninakokunywa dawa. Kesho muwahi kabla ya saa mbili asubuhi, foleni ni ndefu. Na usimfokee."

"Tangu lini unajua?"

"Mtu wa unga humjua mwenzake, dada."

Mpelelezi alimshika Kitinda mkono, na Kitinda akatoka naye bila kubisha. Walifika kizingitini. Fundi alijua akinyamaza, kesho dawa ya asubuhi itampita mdogo wake akiwa mahabusu, na kesho kutwa pia, na zile siku arobaini na tatu zitakwenda na maji. Akisema, anamtoa mama aliyemzaa. Roho ilimuuma pande zote mbili.

"Mpelelezi, ngoja. Nimekosea. Mfuko ni wa mama yetu."

"Dada, hapana!"

"Kama nilikutoa wewe ili upone, basi naye apone."

Alifunga duka. Walikwenda nyumbani watatu kwa miguu, Kitinda akijifuta machozi kwa kiganja.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu vimeshavaliwa. Aliuangalia mfuko mkononi mwa mpelelezi, akamwangalia Kitinda, kisha macho yakatulia kwa Fundi.

"Afadhali mmekuja," alisema. "Nilichoka kukusikia ukimtukana mwenzio kwa kosa langu."