Chumba cha Kulia

Ndugu yangu Zubeir anasema nyumba isiyo na chumba cha kulia si nyumba, ni banda. Alilisema hilo kwenye simu, Jumamosi asubuhi, nikiwa nimeweka spika ili mama asikie vizuri sauti ya mwanawe aliyeko Unguja. Mama yetu, Bi Time, sikio lake la kushoto halimfai tena. Aliacha kisu juu ya mihogo akauliza:

"Cha kulia nini? Kuna ntu kafa?"

Mimi nilicheka. Zubeir hakucheka.

"Cha kulia chakula, mama. Chenye meza na viti. Watu wanaowastahi wageni wao hawawalishi chini."

Nikamwuliza kitatoka wapi chumba hicho. Nyumba yetu hapa Jadida ina vyumba vitatu, ukumbi, na jiko la uwani. Kimoja cha mama. Kimoja cha Zubeir mwenyewe, kina kufuli mwaka mzima, kinafunguliwa siku nne za Idi akija na mkewe Nahla. Cha tatu changu.

"Chako kina madirisha mawili, dada," akasema. "Kinapata upepo."

Ahsante sana. Miaka mitatu nimelala chini ya madirisha hayo, kumbe nawatunzia wageni upepo.

Chumba kile nilikirudia kutoka Wingwi. Himid, mume wangu wa miaka kumi na tisa, alinipa talaka yangu saa nne asubuhi na saa saba nilikuwa nimepata gari la kubebea vitu: kitanda, kabati, cherehani. Mama alinipokea mlangoni, akaniambia, "Rahila, chumba chako n'kile kile." Sikulia njiani kote, nililia pale. Cherehani nikaiweka dirishani, nikawa nashona sare za skuli za watoto wa mtaa, na nikajiambia kwamba mwanamke aliyeachwa akiwa na mlango wake wa kufunga hajaachwa sana.

Kwa hiyo simu ilipokatwa nilimgeukia mama.

"Mwambie hapana. Neno moja tu, mama. Kwako hawezi kubisha."

"N'tamwambiaje, mwanangu? Yule ndo mwanamme wetu."

Mwanamme wetu! Mimi nimempita Zubeir miaka minane. Nimembeba kiunoni mpaka nyonga ikapinda, nimemwosha, nimempeleka chuoni kusoma Kurani akilia kamasi zimemjaa. Leo ni mwanamme wetu, na mimi ni mtu wa kuhamishwa.

Fundi Hudhaifa alikuja wiki ile ile. Aliweka vigae, akapaka kuta rangi ya maziwa, akaning'iniza taa yenye vikombe vya vioo. Meza ilikuja kwa meli, na viti vinane, vyote vimevikwa nailoni, na Nahla akapiga simu kuagiza nailoni isivuliwe. Mimi nikapelekwa stoo, pembeni mwa jiko, pamoja na magunia ya makaa na madumu ya maji. Stoo haina dirisha. Kitanda kikiingia cherehani haiingii, nikachagua kitanda. Cherehani ikabaki jikoni chini ya kanga, mvuke wa vyungu ukaanza kuila. Sare za skuli zikaenda kwa mshonaji mwingine.

Mtu atauliza, je, mlikula humo? Nani ale humo? Mimi na mama ni watu wawili. Tunatandika mkeka uwani, tunaweka bakuli moja, yeye anachukua upande wake na mimi wangu, na kipande kizuri cha samaki kila mmoja anamsukumia mwenzake mpaka kinapoa. Hilo haliwezekani kwenye meza ya viti vinane. Chumba kilifungwa kisiingie vumbi, na vumbi likaingia, na kila Ijumaa nilikifuta. Nilifuta migongo ya viti ambavyo havijawahi kukaliwa na mtu, na nikifuta nilikuwa natukana kimoyomoyo. Mungu anisamehe.

Sasa, kwa nini sikusimama tangu mwanzo nikasema hii ni nyumba ya baba yangu pia? Kwa sababu ya neno moja nililolisema miaka tisa iliyopita.

Baba alipofariki, ami yetu Mzee Bakar alikuja kutoka Ole kugawa mirathi. Wanaume walikaa ukumbini, sisi wanawake chumbani nyuma ya pazia. Ami akapiga mahesabu yake ya sharia, thumni ya mama, yaani sehemu moja ya nane, mafungu mawili ya Zubeir, fungu moja langu. Kisha akaita kwa sauti, "Rahila, na weye wasemaje juu ya fungu lako?" Kila mtu hapa kwetu anajua jibu linalongojewa. Mwanamke mwenye adabu husema nimesamehe, nimemwachia kaka yangu au mdogo wangu, na watu huitikia mashaallah. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na mume, nilikuwa na nyumba Wingwi, sikuwa na shida, na bado sikutaka kulisema neno lile. Ndipo mama aliponifinya paja, akaninong'oneza sikioni:

"Sema nshasamehe. Wataka watu waseme mwanangu wa kike kamburura nduguye kwa nyumba?"

Nikasema, "Nimesamehe." Mashaallah, wakaitikia ukumbini. Alama ya vidole vya mama ilikaa pajani siku tatu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo tumboni siku Zubeir alipokuja kukizindua chumba chake cha kulia. Ilikuwa Ijumaa, baada ya Idi Kubwa. Alialika wenzake wanne wa ofisini na Ami Bakar. Nilipika tangu alfajiri: pilau, kuku wa kupaka, pweza wa nazi. Nahla alipanga meza mwenyewe, kila sahani na uma wake na kisu chake na kitambaa kilichokunjwa pembe tatu. Wageni walipotoka msikitini wakaingizwa, nami nikabaki nyuma ya mlango na jagi la kunawia mikono ambalo hakuna aliyeniambia kuwa halitakiwi tena.

Ami Bakar alikaa ncha ya kiti. Nailoni ikapiga kelele. Akaangalia sahani yake, akaangalia ya jirani yake.

"Kila ntu na sahani yake, mbalimbali? Kwani siye wagonjwa?"

Wale wenzake Zubeir waliinama kuficha vicheko. Zubeir akasema, "Ami, ndivyo inavyoliwa siku hizi."

"Inavyoliwa wapi? Mie miguu inaning'inia, chakula chaenda pembeni. Hebu nitandikieni nkeka hapo nje."

Akainuka. Mzee akiinuka kijana atakaa? Wakainuka wote wanne, na shukrani nikaziona usoni mwao. Nilitandika mkeka ukumbini, nikamimina pilau kwenye sinia moja kubwa, wakalizunguka wakala mpaka wakalamba vidole. Chumba cha kulia kilibaki na sahani zake tupu. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilifurahi sana, na furaha ile ndiyo iliyoniponza.

Wale wanne walipoaga, akabaki ami na kahawa yake, na Zubeir amenuna. Mama alikuwa ametoka chumbani kuja kumsalimia shemeji yake, amekaa kwenye mkeka. Nikaketi mbele yao wote.

"Ami," nikasema, "chumba kile hamliwi ndani yake. Umeona mwenyewe. Kilikuwa changu. Mimi nalala stoo na makaa. Naomba nirudi chumbani kwangu."

Ami akaweka kikombe chini. "Walala wapi?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, na gunia lilionekana mpaka alipokaa.

"Da Rahila," Zubeir akasema, kwa sauti ile ya ofisini, "chumba kile ni cha wageni. Na wewe mwenyewe hapa ni mgeni wa mama. Kesho keshokutwa utaolewa, utakwenda zako. Nyumba yote uliisamehe, mbele ya ami."

"Nilisamehe fungu. Sikusamehe mahali pa kulala. Na hata hilo fungu sikulisamehe kwa moyo wangu."

Ami alivuta kanzu yake magotini.

"Hilo ni neno zito, Rahila. Msamaha wa kulazimishwa si msamaha. Ikiwa ulilazimishwa, mie n'tarudi kwenye hesabu leo hii, na Zubeir atakutolea fungu lako, apende asipende. Lakini n'takuwa na shahidi?" Akamgeukia mama. "Bi Time, weye ulikuwa naye nyuma ya pazia. Alisema kwa radhi yake?"

Nilimwangalia mama. Nilimwangalia vidole. Sikuwa na haja aseme mengi. Angesema tu, mie ndo n'lomfinya. Angesema hata, sikumbuki.

Mama alikunja upindo wa mkeka, akaukunjua. Akamtazama Zubeir, hakunitazama mimi.

"Kwa radhi yake," akasema. "N'lisikia kwa sikio langu."

"Mama!"

"Ulisema mwenyewe, mwanangu. Hapana ntu alokushika mdomo."

Ami Bakar akashusha pumzi. Akasema lahaula, akasema basi, akaniambia nistahamili, na akamwambia Zubeir angalau aniwekee dirisha stoo. Zubeir akasema inshallah. Kisha walizungumza habari za karafuu.

Niliondoa sinia, nikaosha vyombo, nikazikusanya na zile sahani safi za mezani, maana nazo zilitakiwa zirudi kabatini. Zubeir na Nahla waliondoka Jumapili. Dirisha halijawekwa.

Siku ile ile ya Ijumaa, baada ya alasiri, mama aliomba chai kama kawaida yake. Nilimpikia. Niliweka vijiko viwili vya sukari na hiliki, kama anavyopenda, kwa sababu nani mwingine wa kumpikia? Nilipofika mlangoni kwake nilisema, "Bi Time, chai yako."

Hivyo ndivyo wanavyomwita majirani. Mkono wake ulikuwa umekwisha kunyooka kupokea kikombe, ukasita hewani. Nilidhani ataniuliza mbona leo simwiti mama. Nilisimama pale nikimngoja aniulize, na lau angeniuliza ningelia na ningemwambia yote. Akakipokea, akapuliza, akanywa. Tangu siku hiyo namwita hivyo, na yeye huniitika.