Pumzi ya Mahat Katika Mti wa Mswaki

Kila asubuhi Rahmo alifagia chini ya mti wa mswaki, karibu na lango la kijiji cha seng'enge huko Balambala. Serikali ilikuwa imewafungia wafugaji humo wasije wakawalisha waasi, wale shifta. Jani, kama mjuavyo, lina vinywa vidogo upande wa chini. Huvuta pumzi tuzitupazo, likala, likaturudishia hewa ya kuishi. Jua likiwa kali hufumba vinywa, kama mtu mwenye akili mbele ya askari.

Asubuhi hiyo vinywa vilifunguka, mti ukatoa pumzi ya Mahat, mume wa Rahmo: harufu ya buni zilizokaangwa kwa samli, na kile kikohozi chake kikavu.

"Umechelewa," Rahmo akaiambia, akaendelea kufagia.

Askari walishasema Mahat ametoroka. Risasi iliyosikika langoni alfajiri, walisema, ilikuwa ya fisi. Jirani wa Rahmo, Timiro, akaja akasimama chini ya matawi, akanusa, akatega sikio.

"Mtu ya kukimbia anahema, abaayo, dada yangu," alisema. "Hii haihemi. Hii imekatwa katikati."

Basi Rahmo akatoa kitambaa cheupe sandukuni, akajifunga kichwani, akaanza kukaa eda.

Koplo Mutiso, mlinzi wa lango, akamwita. "Mama, vua hiyo nyeupe. Ukiwa mjane, basi kuna aliyemuua."

"Nusa mwenyewe, askari."

Mutiso akainua pua. "Ni ya mzee, kweli. Alikuwa akinigawia buni." Akajikuna shingo. "Lakini hata mtoro ana pumzi."

Adhuhuri, vinywa vikiwa vimefumba, amri ikatoka kwamba mti ule unaficha maadui. Shoka lilipoingia, ukaachia yote kwa mkupuo. Kijiji kizima kikavuta, hata mbuzi. Wote wakakohoa kikohozi cha Mahat, kisha kikawaachia. Mutiso, aliyeshika shoka, hakikumwachia.

Hewa ya mle ndani ikawa nzito. Watu walipokezana pumzi zilezile, kama maji yaliyokwisha nawiwa.

Jioni Rahmo alikivua kitambaa, akaenda nacho mkononi hadi langoni.

"Askari, mume wangu yuko wapi?"

Mutiso akakohoa. Harufu ya buni na samli ikampiga Rahmo usoni.

"Alitoroka, mama," akasema, kwa pumzi ya Mahat.

Rahmo akaivuta mpaka kifua kikajaa. Kisha, kwa kuwa hakaliwi eda mwenye pumzi bado, akakikunja kitambaa cheupe, akaenda kukirudisha sandukuni.