Nafasi Isiyorudishwa

Kila siku ikikaribia saa tisa alasiri, skrini za maabara ya hospitali ziliganda mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Wagonjwa walingoja majibu wakinung'unika. Mtunga programu wa maabara, ambaye wenzake walimwita Bi Nuktamkato kwa mapenzi yake kwa C, lugha ya kompyuta ambayo kila agizo huishia kwa nuktamkato, alikuwa na jibu moja moyoni: wifi yake.

Programu aliiandika yeye, na kwa miaka sita haikumtia aibu. Kisha mama mkwe akamnong'oneza mkurugenzi, na dada wa mumewe akawekewa meza mkabala na yake. Wifi akaandika upya sehemu inayoita wagonjwa kwenye skrini, kwa Python, lugha nyingine ya kompyuta. Wiki hiyohiyo, kuganda kukaanza. Ofisini wakapata cha kuchekea: "Wifi imekata tena."

Bi Nuktamkato hakucheka. Alhamisi, wifi alipotoka kwenda kula, alikaa kwenye meza yake, akafungua faili zake, akatafuta mtego, mstari kwa mstari. Kazi ilikuwa safi. Hilo likamtia shaka zaidi.

Akatazama grafu ya kumbukumbu ya kompyuta. Ilipanda kila mgonjwa alipoitwa, haikushuka, mpaka ikajaa karibu saa tisa. Katika C, ukiomba nafasi ya kuhifadhi kitu, unairudisha mwenyewe. Python ina mfagizi wake, huondoa vilivyoachwa bila kuambiwa. Basi nani alikuwa harudishi?

Akafuata jina la mgonjwa mmoja tangu mwanzo. Sehemu yake ya C iliomba nafasi, ikaandika jina, ikaikabidhi Python. Na mfagizi wa Python hagusi nafasi iliyoombwa na C. Aliyekabidhiwa alitakiwa kuirudisha, ila hakuna aliyemwambia.

Akakumbuka siku ya kwanza, dada wa mumewe alipomwuliza:

"Wifi, kuna jambo natakiwa kujua kwenye sehemu yako?"

"Soma mwenyewe. Si umesoma?" yeye alimjibu.

Wifi aliporudi alimkuta kwenye kiti chake.

"Kosa ni langu," Bi Nuktamkato alisema. "Nafasi ya majina hairudishwi. Sikukuambia."

Wifi akatoa daftari mkobani. Kurasa tatu: saa za kuganda, na saa alizomwona Bi Nuktamkato akipita nyuma ya meza yake.

"Nilidhani unanifanyizia makusudi," wifi akasema. "Umejua lini?"

"Sasa hivi."

Wakaongeza mstari mmoja tu, wa kurudisha nafasi. Saa tisa ikapita, skrini zikaendelea kuita watu. Wifi akashukuru, akageuza skrini yake upande, akabadilisha nywila.