Sauti ya Nyuma ya Trela

Miaka miwili kamili yule mama alikuwa ameishi ndani ya trela lenye urefu wa hatua tisa na upana wa hatua tatu, na hatua hizo alizipima kwa miguu yake mwenyewe, tena mara nyingi kuliko alivyotaka. Mumewe, msimamizi wa ghala mstaafu, alikuwa ameuza nyumba yao akanunua hilo trela la kulala, akalifunga nyuma ya gari, akatangaza kwamba sasa ndipo wanaanza kuishi. Aliyeishi ni yeye. Mkewe alikuwa akikunja meza ili kitanda kikunjuliwe, halafu akikunja kitanda ili meza ikunjuliwe.

Kazi yake nyingine ilikuwa rivasi. Kila walipofika mahali pa kuegesha, alishuka akasimama nyuma, jua liwe jua, mvua iwe mvua, akipunga mikono na kupiga kelele: njoo, njoo, kata kushoto, simama! Na trela likigusa mti, kosa la nani? La aliyeshuka, bila shaka.

Dada yake alikuwa amemtengea chumba kinachotazama mtaa, akamwekea humo cherehani yake ya zamani. Alipomwambia mumewe kwamba anataka kubaki huko, mzee hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alicheka tu, akamwuliza, "Na huko nyuma atanitazamia nani?" Huyu mama, Mungu amsamehe, akadhani ameulizwa swali. Akaanza kutafuta jibu, na jibu akalipata, kamera ya kutazama nyuma, kwenye duka la fundi umeme wa magari, mitaa mitatu tu kutoka kwa dada yake.

Fundi alipanga kamera tatu juu ya kaunta, mbele ya mama na mumewe.

"Nataka hii isiyo na waya," mume akasema. "Trela langu halitobolewi."

"Haikatikikatiki?" mkewe akauliza.

Fundi akakuna shingo. "Kusema kweli, mama, kwa trela refu la bati kama lenu, picha huganda. Ya waya haina matata, ila lazima nitoboe tundu moja."

"Toboa," mkewe akasema.

Mumewe akageuka kumtazama. Madukani, mkewe huwa anashika mkoba na kunyamaza. Siku hiyo aliuliza kila kitu. Inaona gizani? Maji yakiingia je? Waya ukichomoka njiani? Alijua fika kwamba siku picha itakapoganda, yeye ndiye atakayeitwa arudi kupunga mikono.

"Mama," fundi akamtania, "unanunua kamera au unamchunguza mkwe?"

"Mkwe nisingemwuliza hata nusu ya haya," akajibu, wakacheka wote watatu.

Kazi ilichukua asubuhi nzima. Fundi alipanda ngazi, akatoboa juu ya dirisha la nyuma, akafunga kamera kwa skrubu nne, akaziba tundu kwa silikoni na kuisawazisha kwa kidole. Waya akaupitisha darini hadi kwenye soketi inayounganisha trela na gari, na skrini akaibandika karibu na usukani. Picha ya kwanza ilikuja kichwa chini miguu juu. Ya pili ilikaa wima, lakini kulia kukawa kushoto, ikabidi abonyezebonyeze tena. Muda wote huo mama alisimama pembeni, roho juu, asiweze hata kunywa maji aliyopewa.

"Haya, mama, nenda nyuma tujaribu," fundi akamwambia. "Na uongee. Ina maiki. Wewe utasikika huku mbele, ila sisi hutatusikia."

Akaenda. Trela zima lilikuwa kati yake na mumewe, na mumewe hakuwa na namna ya kumkata kauli. Taa za rivasi zikawaka.

"Njoo," akasema kwa mazoea. "Njoo." Kisha ulimi ukafunguka wenyewe. "Baba watoto, nimechoka. Humo ndani sipati hewa. Nikilala naota nimekunjwa pamoja na kitanda. Sikuchukii. Lakini sisafiri tena. Leo nabaki kwa dada, na sijui kama ni miezi mitatu au ni moja kwa moja."

Akaendelea, akasema hata ya nyumba iliyouzwa bila yeye kuulizwa, machozi yakimtoka mbele ya lile jicho dogo la kioo. Trela lilirudi polepole, limenyooka vizuri, likasimama hatua mbili kutoka alipo. Alijisikia mwepesi.

Mumewe akashuka, akipangusa mikono isiyo na uchafu wowote.

"Picha safi kabisa," akasema. "Sauti nimeizima, inakwaruza. Sasa huna haja tena ya kushuka, mke wangu. Utakuwa unakaa mbele na mimi muda wote. Panda twende."

Yote yale alikuwa ameliambia bati! Akamtazama fundi, aliyekuwa akikusanya bisibisi zake polepole mno kwa mtu mwenye bisibisi tatu.

"Ilikuwa inakwaruza?" akamwuliza.

Fundi akamwangalia mzee, kisha akaangalia chini. "Hapana, mama. Ilisikika vizuri tu. Ameizima ulipotaja kubaki kwa dada yako."

Uso wa mzee ukamshuka. Alifungua mlango wa abiria akausimamia, kama afanyavyo siku zote, akingoja mkewe aingie.

"Panda," akarudia kwa sauti ndogo. "Tusimcheleweshe fundi."

Mkewe akausukuma mlango ule ukafungika. Akasogea, akasimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake.

"Hapa huna cha kuzima," akamwambia. "Leo nabaki kwa dada."