Daftari la Mgonjwa wa Pili

Kama kuna mtu aliyeweza kukaa na saa mbovu wiki nzima bila kuigusa, ni mama huyu, fundi wa saa. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja, kilibanwa kati ya duka la viatu na duka la vioo, na ukutani zilining'inia saa kumi na tisa, kila moja ikisema lake. Mteja akileta saa inayochelewa, mafundi wengine wangeifungua papo hapo. Yeye aliitundika. Kila asubuhi saa mbili kamili aliandika kwenye daftari: imechelewa dakika nne, imechelewa dakika tatu, leo imejitahidi. Siku ya nane ndipo aliposhika bisibisi, huku akipiga mluzi. Alifundishwa hivyo na baba yake, na saa iliyotoka mikononi mwake ilikuwa hairudi.

Moja tu ilimtoa jasho, ile ya marehemu baba yake mwenyewe. Ilikuwa inachelewa siku ikipenda, na siku nyingine inakwenda vizuri kabisa. Alikuwa ameichunguza miaka ishirini bila kuona kosa. Basi kila asubuhi aliirekebisha, akaiacha ukutani na kuendelea na shughuli zake.

Kwa hiyo binti yake wa miaka kumi na sita alipoanza kuumwa ugonjwa usio na kichwa wala miguu, mama huyu alifanya alichokijua. Alinunua madaftari, bunda zima, yote ya jalada la bluu.

Binti walimwita Kiroboto tangu utotoni, maana hakuwahi kutulia mahali pamoja dakika mbili. Sasa Kiroboto huyo alilala saa kumi na nne na kuamka amechoka. Siku nyingine miguu ilimgomea katikati ya sebule, akakaa chini palepale na kuomba aletewe mto, kwa kuwa ameshafika. Walipima damu, wakapima moyo, wakapiga picha ya kichwa, na majibu yote yakarudi safi mpaka mama akaanza kuyachukia majibu safi. Majirani hawakukosa la kusema. Mmoja alisema ni damu, wa pili akasema ni simu, na wa tatu, ambaye kwake kila kitu ni mapenzi, akasema ni mapenzi. Mjomba, mwenye lile duka la viatu, alishikilia kwamba kosa ni la viatu na akaleta jozi tatu za kujaribu. Hakuna iliyosaidia, ingawa jozi ya pili ilimpendeza sana mgonjwa.

Mama akafunga kibanda na kuhamishia kazi kwenye meza ya chakula, ili amwangalie binti kwa karibu. Saa moja aliuliza na kuandika. Saa tatu aliuliza na kuandika. Kiroboto akikohoa, kalamu ilikuwa tayari. Wateja walinung'unika, saa za watu zikalala kwenye sanduku la viazi, na mama mwenyewe akawa anakunywa chai iliyopoa tangu jana. Mluzi ulikuwa umekoma siku nyingi, lakini hilo hakuliandika popote.

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Kiroboto alitaka kwenda, hata masomo mawili tu kwa siku. Shule yenyewe ilikuwa mtaa wa pili na mwalimu wa darasa alishakubali. Mama alikataa katakata. Alisema haendi popote mpaka ijulikane anaumwa nini, na kwamba Ijumaa wanakwenda kwa daktari, huko ndiko yatakakoamuliwa.

"Na kama daktari hajui?" Kiroboto akauliza.

Mama alichukua kalamu. Aliandika: saa kumi jioni, ana hasira.

Ijumaa ikafika. Daktari alikuwa mwanamama mwembamba mwenye miwani aliyoipandisha kichwani na kuisahau huko. Mama hakungoja kuulizwa. Alitoa daftari la bluu kwenye mkoba, akaliweka mezani kwa mikono miwili na kueleza kwamba humo mna kila kitu, siku kwa siku na saa kwa saa, kazi ya kifundi. Kiroboto aliona doa la wino kwenye jalada, akaanza kusema kitu, kisha akaangalia dari.

Daktari akashusha miwani na kusoma ukurasa wa kwanza kimya. Wa pili akausoma kwa sauti.

"'Saa mbili asubuhi. Mgonjwa ameniuliza hali mara nne kabla ya chai. Chai yake hajainywa. Saa sita. Mgonjwa amesimama mlangoni anasikiliza kama napumua. Anadhani nimelala. Saa tisa. Mgonjwa ametia chumvi kwenye chai, akainywa, hakugundua.'" Daktari akainua macho. "Huyu mgonjwa ana miaka mingapi?"

"Arobaini na tatu," akasema Kiroboto.

Mama akalivuta daftari. Halikuwa lake; mwandiko ulikuwa wa binti. Mistari ilipigwa kwa rula kama ya kwake, saa upande wa kushoto, maelezo upande wa kulia. Angekuwa mwanafunzi wake angemsifu. Alisoma akitafuta la kumgombeza, akafika ukurasa wa mwisho: siku ya ishirini na tatu. Mgonjwa alikuwa anapiga mluzi akifanya kazi. Hajapiga tangu nianze kuumwa. Nikimwambia ukweli hali yake inazidi kuwa mbaya, kwa hiyo leo tena nimemwambia sijambo.

Kuchekwa aliweza kuvumilia, na chumvi ile, kwa kweli, sasa aliikumbuka. Kilichomuuma ni yale madaftari matatu ya kwake yaliyopangwa nyumbani, yamejaa sijambo za uongo. Hakuna saa iliyowahi kumdanganya maishani, na sasa mtoto wake mwenyewe alikuwa amemficha maumivu, tena kwa kumhurumia.

"Umenidanganya siku ngapi?"

"Nyingi."

"Jumanne ile, ndoo ilipoanguka bafuni?"

"Ndoo haikuanguka, mama. Ni mimi."

Mama akashika tama. Daktari aliwaacha kidogo, kisha akasema wazi kwamba hajui. Ataendelea kutafuta na kuna vipimo vingine vya mwezi ujao. Ugonjwa huu mtoto hauigizi na mama hakuuleta. Lakini kwa alichokiona haoni sababu ya kumzuia masomo mawili, akae karibu na mlango, akichoka apumzike.

"Bila kujua kosa?" mama akauliza.

"Kosa la saa ya babu umelijua?" akadakia Kiroboto.

"Bado."

"Iko wapi?"

"Ukutani."

"Inafanya nini?"

Mama akalifunga daftari. "Inakwenda," akasema.

Njiani wakapatana. Mama hataulizia hali, na Kiroboto hatasingizia ndoo tena.

Jumatatu mama akafungua kibanda. Aliirekebisha saa ya baba yake ukutani, akafungua saa moja, akaifunga, akaifungua tena. Kuwa na saa kumi na tisa mbele yako siku ya kungoja ni adhabu ambayo siwezi kumwombea hata adui. Mjomba alichungulia mara mbili kuuliza kama kuna habari, na mara ya tatu akafukuzwa.

Saa sita kasoro robo Kiroboto akaingia polepole, amevaa ile jozi ya pili, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Mama aliinamia meza. Swali lilimjaa mdomoni, akalimeza, akachukua saa isiyo na tatizo lolote na kuanza kuisafisha.

"Somo la kwanza nimemaliza," binti akasema hatimaye. "La pili miguu iligoma kwenye ngazi. Nikakaa, wenzangu wawili wakakaa nami, tukachelewa wote watatu. Kichwa kinauma. Kesho nataka kwenda tena."

"Sawa," mama akasema, na kwa mara ya kwanza katika miezi hiyo alijua kwamba anachokisikia ni kweli.

Kiroboto akatoa lile daftari, akaazima kalamu, akaandika mstari mmoja na kumsogezea: saa sita kasoro robo, mgonjwa hajauliza.

Mama akasoma, akalirudisha, akaendelea kusafisha. Baada ya muda Kiroboto akalifungua tena daftari taratibu, asimshtue, akaongeza chini yake: anapiga mluzi.